Mashine ya Mfiwa Haifungwi

Mdogo wangu alikufa tukiwa hatujamaliza kubishana. Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya mfalme wa sataranji: atoke mapema aende katikati ya ubao, au akae nyuma alikofichwa. Waliokuja kutupa pole walipenda kuniuliza maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi. Walitegemea niseme alimtaja Mungu, au mama. Maneno ya mwisho aliyoniambia akiwa na akili zake, kabla homa haijampanda na kumfanya azungumze na watu wasiokuwepo chumbani, yalikuwa haya: "Dada, mfalme wako ni mwoga. Mtoe."

Nilimwambia apone kwanza. Hakupona.

Mimi ni mfumaji wa sweta za shule, mtaa wa Ngarenaro. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayana haja ya kutajwa. Programu ya kucheza sataranji niliitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, nikifuata masomo ya bure ya kwenye simu, Kiingereza chake nikikisoma kwa kidole. Sisemi hivi ili nisifiwe. Ilikuwa programu ya mwanafunzi na ilicheza kama mwanafunzi. Iliangalia hatua chache mbele, ikahesabu kete za huku na za kule, ikachagua njia inayoiacha na nyingi kuliko mwenzake. Mfalme ilimweka pembeni, nyuma ya askari wake, kwa sababu ndivyo nilivyoiambia.

Mpinzani wake alikuwa mdogo wangu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake ilitazamana na mlango wangu. Kete tulizotumia alizitengeneza yeye kwa vyuma vilivyobaki kazini. Askari walikuwa nati ndogo. Malkia alikuwa plagi ya pikipiki. Mfalme alikuwa bolti nene yenye nati mbili kichwani. Upande mmoja aliupaka rangi nyeusi ya mageti, mwingine akauacha na kutu yake. Jioni alivuka barabara akiwa bado ananuka moshi wa kuchomelea, akakaa kwenye kiti cha wateja, nami nikaisomea mashine hatua zake na kumsogezea kete za mashine.

Hakuwa mchezaji mzuri sana, na programu haikuwa nzuri sana. Ndiyo maana walifaana. Leo alifunga yeye, kesho ikafunga mashine. Kila nilipobadilisha kitu ndani ya programu sikuchukua muda kujua kama nimepatia au nimeharibu, kwa sababu yeye hakuwa anabadilika. Na hakuwa na huruma. Akishinda alicheka mpaka mafundi wenzake wakaja kuuliza kuna nini. Akishindwa aliitukana kompyuta, akanitukana na mimi niliyeizaa, akapanga kete upya.

Jambo la mfalme alilianza miezi michache kabla ya kuugua. Alisema mashine yangu inamficha mfalme kama bibi harusi, na kwamba mfalme ni mtu mzima, atoke akafanye kazi na wenzake. Alitaka niiambie programu kwamba kila mfalme anaposogea kuelekea katikati, huo ni uzuri, ahesabiwe faida. Nilikataa. Niliona atauawa huko katikati. Tukabishana juu ya hilo mpaka kitandani kwake.

Tulimzika nyumbani kwetu, upande wa Meru, kwenye shamba la baba. Ndugu walipotawanyika nilirudi mjini, nikafungua kompyuta, nikaandika mistari ile aliyoitaka. Sikuandika kwa kuwa nilikuwa nimekubali. Nilitaka kujua nani kati yetu alikuwa anasema kweli. Ubishi ule ulikuwa wangu na wake, na kuuacha ukining'inia kwa sababu tu mmoja wetu yuko ardhini niliona ni uvivu unaojiita heshima.

Kilichobaki ni kupata mpinzani. Hapo ndipo nilipoanza kuwadharau watu.

Kwanza, hata hivyo, nilizidharau programu. Kwenye simu ipo ya bure ambayo huwafunga mabingwa. Niliipambanisha na yangu, na yangu ikafa kila mara kabla sijakata uzi. Nikaondoa mistari ya mdogo wangu, ikafa vilevile. Nikairudisha, ikafa. Kulikuwa na nini cha kujifunza hapo? Ni kama kumpima mtoto kimo kwa kumsimamisha kando ya Mlima Meru: leo ni mfupi, mwakani atakuwa mfupi, na mlima hautakuambia ameongezeka kidole kimoja. Kisha nikaandika kijiprogramu kingine kisicho na akili kabisa, kinachosogeza kete yoyote inayoruhusiwa bila kufikiri. Hicho mashine yangu ilikichinja, ikiwa na mistari ya marehemu na ikiwa haina. Nacho hakikuniambia kitu. Nilihitaji mtu wa kiwango cha mdogo wangu, mtu ambaye akifungwa mara moja zaidi au mara moja pungufu ina maana.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari anayekaa Levolosi, ambaye sweta za watoto wake nazifuma mimi. Kila alipokuja kwa vipimo alinieleza kwamba chuoni kwao hakuna aliyemweza kwenye sataranji. Nilimwalika Jumamosi. Alikuja na rafiki yake wa kutazama, kwa sababu kuna watu hawawezi kufikiri bila kusikilizwa.

Mwalimu alicheza akihubiri. Alimweleza rafiki yake mipango ya mashine yangu, mashine ambayo niliijenga mimi na ambayo haijui mpango ni kitu gani. Askari akisogea, alisema inamtega kushoto. Farasi akirudi, alisema inamvuta kulia. Mfalme alipotoka nje, kama mdogo wangu alivyotaka, mwalimu aliinua kidole akamwambia rafiki yake kwamba huo ni mtego wa hali ya juu sana na yeye hataingia. Hakuingia. Mfalme alitembea peke yake katikati ya ubao kama mtu aliyepotea msibani, na mwalimu, aliyekuwa na nafasi ya kumkamata, akapeleka ngome yake pembeni kujilinda na kitu kisichokuwepo.

Hilo ningelivumilia. Kukosa akili si kosa. Lakini mashine ilipomla farasi wake alimrudisha mahali pake.

"Sikuwa nimeachia," alisema.

Nilimwambia alikuwa ameachia, na alikuwa ameshachukua kikombe cha chai kwa mkono huohuo.

"Dadangu, mkono uliachia, mawazo hayakuachia."

Rafiki yake alicheka, na mwalimu akadhani amesema jambo la maana. Alirudisha kete nyingine, na nyingine. Mwishowe akashinda, akasimama, akaniambia kwamba mashine inajitahidi ila inakosa nadharia. Kisha akaniuliza kama sweta zitakuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa. Nilimfumia vizuri kabisa, sweta hazina kosa. Lakini mtu anayerudisha kete hapimi chochote. Sikuweza kusema nimeshinda wala nimeshindwa. Nilikuwa nimesikiliza kelele tu.

Wa pili alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayekaa Sekei na kufanya kazi kwenye ofisi ya kupeleka watalii mbugani. Huyu alikuwa akicheza na marehemu kwenye sikukuu za ukoo, na kiwango chake nilikijua: alikuwa anapoteza malkia kabla hajamaliza kuvua koti. Nikasema huyu ananifaa. Ni dhaifu kidogo kuliko mdogo wangu, lakini udhaifu wake ni wa kudumu.

Alikuja amevaa shati la kazini. Alikaa, akaweka simu kwenye paja, akaanza kucheza kama malaika. Kila hatua ilichukua muda uleule, iwe ngumu au nyepesi, na kabla ya kila hatua macho yake yalishuka chini ya meza kama mtu anayeomba. Mfalme wa mashine hakutembea hata nyumba tatu. Alikamatwa kwa njia ambayo mimi mwenyewe ilinibidi niitazame mara mbili ndipo niielewe.

Nilimuuliza kwa nini alipeleka farasi wake pale.

"Nimejisikia tu, sista."

"Basi mwambie na huyo mwenzako aliye chini ya meza atusalimie."

Hakuona hata aibu. Alicheka, akaweka simu mezani, akasema haya ndiyo mambo ya kisasa, mashine kwa mashine, na kwamba hata marehemu angefurahi. Kumbe aliyekuwa akicheza ni programu ileile ya simu niliyokwisha kuikataa, safari hii ikiwa imevaa shati la binamu yangu. Sikumkaripia. Nilimpa soda. Ila nilimtazama akinywa nikawaza kwamba mdogo wangu angemfukuza kwa koleo, na kwamba mtu anayetaka kuonekana ameshinda mbele ya mfumaji sweta na kompyuta ya mtumba ana njaa ambayo soda haiiondoi.

Akabaki baba mdogo.

Baba mdogo ndiye aliyemfundisha mdogo wangu sataranji. Ana shamba la kahawa na migomba huko juu, mpakani na shamba la baba. Ujana wake alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba, na wakati wa mvua mzungu huyo alikosa mtu wa kucheza naye, akamfundisha mpishi wake. Mpishi akamzidi. Baba mdogo hajivuni kwa hilo, na huwezi kumtoa neno juu ya mzungu yule zaidi ya kwamba alipenda supu nyepesi. Alikuwa na nguvu kuliko marehemu, lakini si sana. Walipocheza, marehemu alipata mchezo mmoja katika kila mitatu au minne. Nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilimheshimu, na kwa sababu kupanda kule juu ilikuwa lazima nipite karibu na kaburi.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, kompyuta na mkebe wa kete vikiwa begani. Nilimwamkia, akaitikia, mkewe akanipa loshoro, mahindi ya maziwa mgando, tukakaa barazani. Kaburi linaonekana kutoka barazani, kati ya migomba. Wakati huo lilikuwa bado udongo, na msalaba wa mbao uliokuwa umeanza kulala upande mmoja. Nilimweleza baba mdogo kila kitu bila kuficha: ubishi ulikuwa nini, mistari ipi nimeiweka, nataka kujua nini. Alisikiliza, akaomba nimwambie tena maneno ya marehemu jinsi alivyoyasema. Kisha tukapanga kete.

Alicheza kimya, na mwanzoni alicheza vizuri. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kwanza tangu msiba, na nilikaa wima kwenye kiti kama mtoto anayesubiri kutangaziwa matokeo. Halafu, mapema kabisa, mfalme wangu akiwa hajapata hata nafasi ya kutoka, baba mdogo alichukua plagi ya pikipiki, malkia wake, akaiweka mbele ya askari wangu.

Nilidhani hajaona.

"Baba mdogo, malkia wako ataliwa."

"Naona."

"Basi mrudishe."

"Nimeshaachia, mwanangu. Soma kwenye mashine."

Nilisoma. Mashine ikamla malkia, maana haina adabu. Baba mdogo akaendelea kucheza kwa utulivu, akiilisha ngome, akiilisha farasi, kama mtu anayemwagia kuku mahindi. Mfalme wake alinaswa wakati mkewe anatuletea ndizi. Akanyoosha mkono kunipongeza. Sikuupokea.

"Umefanya makusudi," nilisema.

"Nimefanya."

"Kwa nini? Nimekuomba unipime."

Aligeuza uso kuelekea migombani. "Kaburi bado ni udongo," alisema. "Nani atakaa mezani na mfiwa amfunge, na ndugu yake yuko pale anatazama?"

Nilimwambia hanifungi mimi, anaifunga mashine. Akaniuliza mashine hiyo ina maneno ya nani ndani yake. Akasema kaburi likishajengwa nije, atanipiga mpaka niombe maji.

Desturi hiyo ninaijua. Katika ukoo wetu, mpaka kaburi lijengewe kwa saruji na msalaba wa kudumu usimame, mfiwa hashindaniwi. Hawekwi kwenye kesi ya mipaka, hakatizwi akisema, hata akikosea njia ya kwenda kisimani unamfuata mpaka agundue mwenyewe. Niliijua kwa mambo ya mashamba na vikao. Sikuwa nimefikiri kwamba inafika mpaka kwenye bolti na nati.

Nilishuka mjini nikiwa na mkungu wa ndizi na hasira. Ninamheshimu baba mdogo mpaka leo, lakini heshima yake siku ile ilinichefua kuliko simu ya binamu na mkono wa mwalimu. Wale wawili walikuwa wanajitafutia sifa, na mtu anayejitafutia sifa angalau anakuona uko mbele yake. Mtu anayekupa malkia bure amekutoa kwenye hesabu. Mdogo wangu hakunipa hata askari mmoja maisha yake yote, na hapakuwa na mtu aliyenipenda kuliko yeye.

Majuma yaliyofuata nilifuma. Msimu wa kufungua shule ulikuwa umekaribia na kazi ilikuwa nyingi. Nikiwa nafuma mikono ya sweta, mkono wa kulia nikiulinganisha na wa kushoto uliokwisha kukamilika, ndipo nilipoona ujinga wangu. Nilikuwa natafuta mpinzani asiyebadilika, asiye na huruma, wa kiwango kilekile, na asiyerudisha kete. Nilikuwa naye ndani ya kompyuta. Ilikuwa ni programu yangu ya zamani, ile isiyo na mistari ya mfalme, ile aliyocheza nayo mdogo wangu mara ya mwisho. Nilichotakiwa kufanya ni kuiweka mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili, nizifungie ndani zipigane.

Niliziandalia njia ya kucheza zenyewe, nikaziacha zicheze asubuhi nzima huku nikifuma. Mchana nilipotazama, mpya ilikuwa imeshinda kila mchezo. Kila mmoja. Niliweka sindano chini. Nitasema ukweli: nililia, na nilikuwa nalia kwa kushindwa ubishi na kwa furaha, vyote pamoja. Nilimpigia simu baba mdogo nikamwambia marehemu alikuwa sahihi. Baba mdogo alimwambia shangazi. Shangazi ana mdomo.

Jioni ileile nikaamua kuiangalia michezo yenyewe, mmoja baada ya mwingine, ili niuone uhodari wa mfalme wake. Mchezo wa pili ulikuwa sawa na wa kwanza. Wa tatu ulikuwa sawa na wa pili. Hatua kwa hatua, kete kwa kete, mpaka mwisho. Programu zangu hazina bahati nasibu ndani yake. Ukizipa ubao uleule zinafikiri jambo lilelile, kila siku, milele. Nilikuwa nimepata mchezo mmoja tu, umerudiwa asubuhi nzima, na nimeusherehekea kama mtu aliyepiga picha za harusi moja kutoka kila kona akadhani ameoa wake wengi. Wote niliokuwa nimewadharau wiki zile walikuwa na nafasi ya kunicheka, na wangekuwa na haki.

Nikarekebisha. Kila mchezo niliuanzisha mahali tofauti: hatua za mwanzo nilizichagua kwa kubahatisha, nikatupa zile ambazo upande mmoja ulikuwa umeshaharibikiwa kabla haujaanza. Kila mwanzo niliuchezesha mara mbili, programu zikibadilishana rangi, ili asiwepo wa kusingizia rangi yake. Nikaziacha siku baada ya siku. Sweta zikajaa kwenye kona, na kompyuta ikachemka mpaka nikaiwekea vigae viwili chini ipate hewa.

Mpya ilikuwa inashindwa. Si kwa mbali sana, lakini kila juma ilishindwa, na kadiri michezo ilivyoongezeka ndivyo ilivyokuwa wazi zaidi. Nikafungua michezo iliyopotea nikaona sababu ni moja. Malkia wote wawili wakiwa bado wazima, mfalme anatoka kwenda katikati kukusanya faida niliyomwahidi, na huko anawindwa kama kuku aliyetoka bandani mwewe akiwa juu. Nilipitia mistari niliyoiandika neno kwa neno, nikihofia kwamba nimemwandikia marehemu kitu ambacho hakukisema. Nilikuwa nimeandika alichosema. Alikuwa amekosea.

Nilichotaka wakati ule ni kufungua mlango nimwite kutoka ng'ambo ya barabara. Nilitaka aje na moshi wake nimwoneshe, anitukane, aniambie nimeandika vibaya, akae aangalie mchezo mmoja, na mwingine, halafu anyamaze. Kunyamaza kwake ndiko kulikuwa ushindi wangu siku zote. Karakana ina fundi mwingine sasa, anatengeneza vitanda. Sikufungua mlango.

Kaburi lilijengewa baada ya mavuno ya kahawa. Mchungaji alikuja, likawekwa marumaru nyeupe, msalaba ukasimama wima, na watu wakapewa nafasi ya kusema. Walimsema mdogo wangu mpaka sikumtambua. Alikuwa mpole, walisema, na hakuwahi kumkatalia mtu. Binamu yangu alisimama na shati lake akasema kwamba marehemu alikuwa na akili ya pekee, na kwamba hata ushauri wake wa mwisho kuhusu sataranji umeifanya mashine ya dada kuwa hatari, yeye mwenyewe ameonja. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Shangazi akafuta macho. Mimi sikusimama, maana sikuwa na la kusema lisilohitaji ubao.

Baada ya chakula baba mdogo alinikuta barazani akiwa amebeba ule mkebe wa kete, niliokuja nao tena pamoja na kompyuta. Alikaa, akanitazama.

"Sasa limejengwa," alisema.

Nilimwambia kwanza asikie. Nikamweleza michezo ileile iliyonidanganya, nikamweleza michezo mipya, nikamwambia mdogo wangu alikosea na mistari yake nimeitoa. Baba mdogo alipanga askari wake wote bila kuinua macho. Halafu akasema labda sikumwelewa. Labda marehemu alimaanisha mfalme atoke malkia wakishaondoka ubaoni, kwani wachezaji wote wazuri hufanya hivyo, na mtu mgonjwa hawezi kueleza kila kitu.

Maneno hayo yalikuwa matamu, na yangetosha. Ningeweza kuyachukua nikaenda nayo mjini, na binamu angesimulia, na shangazi angefuta macho tena.

"Hapana, baba mdogo," nilisema. "Alikuwa anamtoa mapema. Wewe umemfunga hivyo mara ngapi?"

Alifikiri. Mdomo wake ukaanza kupinda upande mmoja.

"Nyingi," alisema. "Mara nyingi sana. Nilimkataza tangu ana meno ya utoto."

Tukacheza. Nilitumia programu ya zamani, yenye mfalme wa kujificha, na baba mdogo hakunipa kitu. Alinibana pole pole kama mtu anayekaza kamba ya mzigo, akamla malkia wangu kwa njia ambayo sikuiona wala mashine haikuiona, akanifunga chai yake ikiwa haijapoa. Hakunipongeza. Ndani ya miezi ile yote hakuna mtu aliyenitendea wema mkubwa kuliko huo.

Nilikuwa naanza kukusanya kete aliponizuia mkono.

"Ile yake bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiondoa kwenye kazi, lakini sikuwa nimeifuta. Niliifungua. Niliipa upande wa kutu, ndio unaoanza. Askari wa katikati akasogea. Baba mdogo akajibu. Mashine ikafikiri, ikanipa hatua, nami nikachukua ile bolti yenye nati mbili kichwani, nikaitoa nje nyuma ya askari wake. Baba mdogo akajibu. Bolti ikasogea tena mbele, peke yake, malkia wote wakiwa wazima na ubao umejaa.

Baba mdogo aliweka mikono magotini. Aliutazama ubao, akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba mtu amefika mlangoni, "Ndiye huyu."

Malkia wake alikuwa na njia wazi ya kuanza kuwinda. Mimi niliiona, na yeye aliiona. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye plagi, ukakaa juu yake, ukahama kuelekea kwenye askari mmoja wa pembeni asiye na kazi yoyote.

"Mpige, baba mdogo," nilisema.

Aliniangalia.

"Kaburi limejengwa. Mpige."

Akarudisha mkono kwenye plagi, akampiga.